Kula Mbele Yako

Kibebasinia kilikuja kikiteleza kwa magurudumu yake, kikatua sinia la wali wa nazi na mbuzi wa kuchoma mezani, na kabla mvuke haujatulia, Kadiri akafumbua jicho.

"Karibuni chakula," sauti ilitoka kwenye taa iliyoning'inia juu ya meza. "Wali wa nazi, mbuzi wa kuchoma, kachumbari. Mafuta vijiko sita, ingawa mpishi ametaja vinne."

"Mzushi mkubwa!" Fundi Mshamu alifoka kutoka jikoni. "Ni vinne!"

"Sita," Kadiri alijibu kwa upole, na hoteli nzima ikaangua kicheko, maana ugomvi wa wawili hao ndio uliokuwa kitoweo cha kila mchana.

Jina lake rasmi lilikuwa kikadiriamlo, lakini nani ana muda wa kutamka jina refu namna hiyo wakati ana njaa? Watu wa Tanga walimwita Kadiri, wengine Mzee Kadiri, na wapo waliomsalimia wakiingia. Tanga ya wakati huo ilikuwa ya maghorofa yasiyo na majiko. Watu walishuka kula kwenye hoteli za chini, na mtu aliyetaka kupunguza mwili alikuwa na kazi kwelikweli. Angejuaje nazi iliyokunwa ilikuwa moja au tatu? Angejuaje chapati ilipakwa mafuta au ilioshwa nayo? Alikisia tu, na kila anayekisia hujipendelea. Kadiri ndiye aliyekuja kuondoa ubishi. Meza ilipima uzito, na mwali wa taa uliingia ndani ya chakula ukarudi na habari zote za mafuta, wanga na sukari. Ukimaliza kula alikutajia kalori zako, akataja na mabaki yako, tena kwa sauti ya kusikika.

Aliyembuni ni Mhandisi Hatibu Kiluwasha, na ndiye huyu aliyekaa kwenye meza ya dirishani, tumbo limemtangulia mezani.

Ee, ndiyo. Kila mtu alipungua kwa mashine ya Hatibu isipokuwa Hatibu mwenyewe. Kadiri alimhesabia kalori mia sita kila mchana, naye kweli jioni aliambulia tunda na maji. Hata hivyo, mizani ya nyumbani kwake ilizidi kupanda. Daktari wake, mama mmoja asiyejua kumung'unya maneno, alimwambia wazi kwamba moyo wake umechoka, na kwamba hatamfanyia upasuaji mpaka apungue. "Injinia, wewe unakula cha watu wawili," alimwambia. Hatibu aliapa kwa Mungu kwamba sivyo. Daktari akamtazama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Aibu ilimwingia, hofu nayo ikamwingia. Siku hiyo ilimbana zaidi, kwa sababu mchana huohuo wakubwa wa jiji wangekuja kuchukua sahihi yake ili Kadiri afungwe kwenye nyumba zote za wazee. Zahanati zilikuwa zimeshaanza kumtegemea. Mzee ambaye taarifa zake za mlo ni safi hakuitwa tena kupimwa. Sasa kama Kadiri alikuwa akimdanganya Hatibu, angewadanganya na wale wazee.

"Mwanangu, kula, chakula kinapoa," alisema Bi Mwantumu, mama yake mzazi, aliyekaa upande wa pili wa sinia ndani ya buibui lake pana. Mama na mwana walikula pamoja hapo kila mchana. Bibi alikuwa mchangamfu na mdomo haukauki maneno. Kidoleni alivaa pete ya fedha aliyoizungushia uzi mweusi, ambao Hatibu aliudhania urembo.

"Ngoja kwanza, mama. Leo lazima nimkamate huyu."

Akainama, akapiga magoti, akaingia chini ya meza na bisibisi yake. Makalio ya mhandisi yakabaki nje yakiangalia ukumbi.

"Makubwa haya!" alisema Zamda, mwenye hoteli. "Injinia, umeangusha nini huko?"

"Kaangusha kilo zake," Bi Mwantumu alidakia. "Anazitafuta." Wakapigana viganja, wakacheka mpaka Zamda akajifuta machozi.

Hatibu alikagua mizani ya meza, ikawa sawasawa. Akatoka akihema, akaikagua taa. Nayo ilikuwa haina kasoro. Kikabaki kitu kimoja cha kutazama, nacho ni namna Kadiri anavyogawa sinia.

Hili ndilo lililomsumbua zaidi zamani alipokuwa akiiunda mashine. Sahani ni rahisi, kila mtu na yake. Lakini watu wakizunguka sinia moja, utajuaje nani kala kipi? Wageni waliokuja kumsaidia walipendekeza jicho lifuate kila mkono na kila tonge. Hatibu alikataa katakata. Kumhesabia mtu matonge ni utovu wa adabu, mashine au si mashine. Ndipo akakumbuka kofi la mama yake utotoni, siku aliyopeleka mkono upande wa binamu yake kufuata paja la kuku. "Kula mbele yako!" Basi kanuni ikapatikana. Sinia likitua, Kadiri alilikata kwa mistari isiyoonekana, akampa kila mlaji kipande kilicho mbele yake. Kilicho mbele yako ni chako, ukikibakiza ni mabaki yako. Katika maabara nzima hakuna aliyebisha. Wote walikuwa na mama, na wote walishakula kofi hilo.

Hatibu aliigusa taa mahali pa ukaguzi, na mistari ikaonekana. Mstari mwembamba wa mwanga wa kijani ulipita katikati ya wali, nusu kwa mama, nusu kwa mwana.

"Lo, unapendeza," Bi Mwantumu alisema. "Kama kitambaa cha kufuma. Haya, bismillahi."

Wakaanza kula. Bibi akaanza na hadithi ya jirani yao wa ghorofa ya kumi, aliyemnunulia mashine ya kufulia mkwewe, na mashine yenyewe ikawa inamjibu mkwe kwa ufidhuli. Alisimulia kwa mikono na macho. Hatibu alicheka, akameza tonge, akashusha macho kwenye sinia.

Pande la nyama lilikuwa linavuka mstari.

Lilivuka polepole likisukumwa na ncha za vidole vyenye pete ya uzi, huku mwenye vidole akitazama dirishani na kuendelea na hadithi. Likatua mbele ya Hatibu. Vidole vikarudi, vikakusanya wali, vikaufanya kama tonge, vikausukuma nao. Kisha nyama nyingine. Mkono ulikuwa mzoefu. Haukutafuta njia.

Hatibu hakuona ajabu mwanzoni, kusema kweli. Mama gani asiyemsogezea mwanawe kinofu? Alikua akisogezewa vinofu. Alikuwa amevila miezi yote hii bila kuvitazama, kama mtu anavyovuta hewa. Ila sasa mstari ulikuwa pale unang'aa, na upande wa mama ulikuwa umebaki mtupu, na yeye hajamwona mama yake akipeleka kitu mdomoni zaidi ya kachumbari.

Akamtazama vizuri. Alipomtazama vizuri hivyo mara ya mwisho hakukumbuka. Akauona mkono ndani ya buibui, jinsi ulivyokuwa mfupa. Akauona ule uzi wa pete, na mara hii akaelewa uzi ule ulizungushwa ili pete isichomoke.

Zamani, kabla ya Kadiri, kila walipomaliza kula alikuwa akimuuliza, "Mama, umeshiba?" Naye alijibu, "Nimeshiba, alhamdulillahi," au alijibu, "Leo tumbo halitaki," wakaliongea. Siku hizi hakuuliza tena. Ya nini kuuliza, na jibu linatoka kwenye taa?

Hatibu alivua kofia yake, akasimama, akaivika ile taa.

"Sioni," alisema Kadiri.

"Wewe kwa nini unamfunika mwenzio?" Bi Mwantumu aliuliza, bado anatabasamu.

Hatibu akakaa. "Mama. Umeshiba?"

Bibi alifungua mdomo ajibu kama alivyozoea kujibu zamani, kisha akauona uso wa mwanawe. Tabasamu likamtoka. Akaushika ule uzi wa pete, akauzungusha.

"Sijala, mwanangu," alisema. "Tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi, sijala chakula kikapita. Kinakwama hapa." Akagusa koo. "Uji wenyewe unashuka kwa tabu."

"Mama! Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Daktari wako kasema moyo huo hautaki mshtuko. Nikasema acha upone kwanza, mimi nitasubiri. Na nikibakiza, hilo taa lako linatangaza hoteli nzima, Bi Mwantumu kabakiza, Bi Mwantumu kabakiza. Ungejua siku hiyohiyo." Akamtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye Hatibu. "Nikaona nikikusogezea, linanyamaza. Zahanati nao wakaacha kuniita. Nisamehe baba, najua umeambiwa upungue. Lakini ningekiweka wapi?"

Zamda, aliyekuwa anakuja na maji ya kunawa, alisimama njiani. Mlangoni walishaingia wakubwa wa jiji na kibao chao cha sahihi, wamevaa suti nzuri, wanatafuta meza ya mhandisi. Hatibu aliwaona, akawapungia mkono warudi. Hakukuwa na sahihi siku hiyo.

Akainuka, akazunguka meza, akamshika mama yake mkono amsimamishe waende hospitali. Alikuwa mwepesi, ya rabi, mwepesi mno. Daktari alikuwa amesema kweli, na Hatibu alikuwa ameapa uongo bila kujua.

Meza iliposikia wameinuka, sauti ikatoka chini ya kofia, tulivu kama kila siku, ikisoma ilichokiona kabla ya kufunikwa:

"Bi Mwantumu, kalori mia sita na kumi. Hakuna mabaki. Ameshiba."

"Hajala," Hatibu alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Cha kwake nimekula mimi."