Zamu ya Mzee Mughwai

Mguu uliovunjika ulikuwa wa kulia, na ulipona. Sasa mbona Faith anachechemea wa kushoto?

"Acha utani, tembea vizuri!" mama yake, Damari, alimfokea asubuhi ile, nyumbani kwao Shelui. Mtoto akamtazama kwa jicho la kizee, akajikokota kwenda jikoni huku akishika ukuta. Nyuma yake ikabaki harufu ya kidonda kilichooza chini ya bandeji. Damari akafungua madirisha yote. Wapi!

Alijua ni nani aliyemwingia mwanawe. Tena usiwe na haraka ya kumwonea huruma mama huyu.

Daktari bingwa wa mifupa huja mjini Singida mara moja kwa mwezi, na foleni yake, jamani, watu wanalala pale pale. Mwezi ule Faith alipovunjika mguu, aliyekuwa mbele ya Damari ni mzee Mughwai wa Mungaa, mguu wake wa kushoto umevimba. Alipokwenda chooni aliacha katambuga moja, kiatu chake cha tairi, kwenye benchi, kama wanavyofanya wote, ijulikane pana mtu. Damari akaisukuma chini ya benchi, akampakata mwanawe, akakaa. Mzee aliporudi, hata shikamoo hakumpa.

"Hapa hapakuwa na mtu," alimwambia.

Waliokuwepo waliona, wakageuza nyuso. Faith akawa mgonjwa wa mwisho kuonwa siku ile. Mzee akarudi Mungaa kungoja mwezi mwingine, na kabla haujafika mguu ukaoza, akafa. Habari aliileta muuza kuku wa huko huko, na Damari akaitikia "masikini," kana kwamba hamjui. Kwa aibu, chakula kikamshinda.

Sasa mtoto hakumwita tena mama. Damari akamwita Bi Sikudhani, mganga wa kupunga majini. Mganga akafukiza ubani, akamshika Faith kichwani, akanong'ona, "Wewe nani? Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Sauti nzito ya mzee ikatoka kwenye kinywa cha mtoto. "Nataka kumwona daktari."

Bi Sikudhani akaondoa mkono taratibu. "Damari, huyu ana haki yake. Mimi simfukuzi. Mpeleke, akishaonwa atakuachia mwanao."

Siku ya bingwa ilipofika wakakaa kwenye foleni, na benchi likajaa, lakini hakuna aliyetaka kukaa karibu na mtoto, watu wakaziba pua kwa kanga na kutazamana, huku pumzi ya mtoto, yenye kukwaruza kama ya mzee, ikimpuliza Damari shingoni, naye akiomba kimoyomoyo mlango ufunguke upesi apate kusikia tu mwanawe akimwita mama. Walipobaki wao tu, akaja mwanamke na kichanga kinacholia, chenye mkono uliopinda.

"Dada, nakuomba, nipishe."

Damari angesemaje, yeye? Akampisha.

Mwanamke alipotoka, nesi akafunga mlango. "Daktari ameondoka, ana safari. Mrudi mwezi ujao."

"Sista, ni huyu mmoja tu!" Damari alipiga magoti, akalia bila kujali watu. "Mwite, nakusihi!"

"Pole, mama. Ameshaondoka."

Mkono mdogo ukamgusa begani, mzito kuliko mkono wa mtoto.

"Nyamaza, mwanangu," mzee alimwambia kwa upole. "Tutangoja. Mimi nimeshazoea."