Kimya Alichokitaka Bibi Batma

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya kunywa chai, Akylai alikuwa na kazi moja isiyokwepeka. Aliingia chumbani kwa bibi yake, Bibi Batma, akaondoa kitambaa kibichi kilichowekwa chini ya dirisha, akaweka kingine kisafi. Kile cha jana kilikuwa kimeshageuka cheusi. Mji mzima wa Bishkek ulikuwa ukiota moto wa makaa ya mawe, na moshi wake haukuwa na adabu: uliingia hata palipozibwa.

Bibi Batma alikuwa akikohoa tangu majani yalipopukutika. Daktari alimpa dawa, kisha akasema waziwazi kwamba dawa peke yake haitatosha. Mama huyu anahitaji hewa safi, alisema, na usingizi usiokatizwa. Kwa hiyo shule zilipofungwa, na baba yake Akylai, fundi umeme aitwaye Talant, alipopata likizo, familia ilikaa kuzunguka kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni kujadili waende wapi.

Baba alitaka mlima wa kuteleza kwenye theluji, kama alivyofanya utotoni kwa mbao alizochonga mwenyewe. Mama alisema yeye popote atakapolala mchana ni sawa. Bibi alipoulizwa, alifikiri kwanza.

"Mimi nataka kimya," alisema. "Nisikie theluji ikidondoka kutoka paani. Sijaisikia tangu nihamie kwenu."

Baba akampa Akylai simu yake. Alisema kwamba katika nyumba ile hakuna mwenye subira na simu kama binti yake, hivyo atafute mahali penye mlima wa kuteleza lakini patulivu, kisha azungumze na wenyeji mwenyewe. Akylai alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kupewa kazi kubwa kama ile. Kichwa kilimvimba kidogo.

Hakuchukua muda kupata. Huko mbali, ng'ambo ya ziwa kubwa la nchi yao, juu ya mji wa Karakol, kulikuwa na kijiji chenye mlima mmoja, kamba moja ya kuwavuta watu hadi juu, na nyumba ya wageni ya mzee aitwaye Sagyn. Kwenye picha hapakuwa na kitu ila misonobari, theluji na mbwa mmoja aliyelala. Ndipo mahali penyewe hasa.

Shida ilikuwa Ayim, rafiki anayeketi naye dawati moja. Familia ya Ayim ilikuwa inakwenda kwenye kituo kikubwa karibu na mji, ambako muziki hupigwa mlimani kutwa na taa za rangi huwaka hadi usiku. Akylai alipomtajia kijiji, Ayim alicheka sana.

"Huko utateleza na kondoo," alimwambia. "Utaniletea picha, eti?"

Maneno yale yalimchoma. Hata hivyo Akylai alipiga simu kijijini, huku akiomba kimoyomoyo aambiwe pamejaa. Mzee Sagyn hakumjibu habari ya vyumba. Alitaka kwanza kujua yeye ni mtoto wa nani, kama wazee wote wa Kikirgizi wanavyouliza, na mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kukaa kimya. Akylai akajitaja: binti wa Talant, mwana wa Kalmurat, akapanda hivyo hivyo hadi babu wa saba, kama alivyofundishwa. Akamtaja na bibi yake, na siku ambayo familia ingesafiri.

"Batma?" mzee akauliza. "Batma wa bonde la juu, aliyekuwa akichunga na dada yangu? Basi chumba kipo, binti. Chenye jiko la kuota moto ndicho chake. Waambie waje."

Akylai alishukuru, akakata simu. Akasimama kidogo kwenye ujia, akiwaza muziki na taa. Kisha akaingia sebuleni na kumwambia baba yake kwamba kwa Mzee Sagyn kumejaa, ila kile kituo kikubwa kina nafasi. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Baba alisikitika, akasema basi, haidhuru, labda wataomba chumba kilicho mbali na muziki. Bibi hakulalamika.

Jioni ya kuamkia safari, mizigo ikiwa mlangoni, simu ya baba ililia. Mikono yake ilikuwa na grisi ya gari, hivyo aliiweka mezani na kuwasha kipaza sauti, wote wakasikia.

"Talant, mwanangu, ni Sagyn wa Karakol. Kondoo nimeshachinja. Nilitaka kujua mnafika saa ngapi, nyama isipoe."

Baba alishangaa. "Babu, si ulimwambia binti yangu kumejaa?"

Upande wa pili kikasikika kisu kikiwekwa chini.

"Mimi nilisema hivyo?" mzee aliuliza taratibu. "Basi labda nilisema. Siku hizi nasahau. Juzi nimeitafuta kofia, kumbe nimeivaa. Nisamehe, mwanangu."

Alipokata simu, baba alitikisa kichwa kwa huruma, akasema maskini, mzee wa watu, akili imeanza kumtoka. Bibi Batma aliweka kikombe chini. Alisimulia kwamba Sagyn huyo, kaka wa msichana aliyechunga naye zamani, alipokuwa mdogo alimjua kila kondoo wa kijiji kwa sura. Macho yake yalilengwa na machozi, kisha kikohozi kikamshika, akashindwa kuendelea.

Hakuna aliyemtazama Akylai wala aliyemshuku. Angenyamaza, kesho wangeondoka, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

"Hakusahau," alisema. "Alisema chumba kipo. Ni mimi niliyedanganya. Nilitaka kwenda anakokwenda Ayim."

Baba alikasirika kweli. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia kwamba alimpa kazi ya mtu mzima kwa kuwa alimwamini, na sasa hajui atamwamini vipi. Mama aliacha kukunja nguo.

"Mpigie mzee," alisema Bibi Batma. "Wewe mwenyewe. Sasa hivi."

Simu ilipokelewa na mwanamke, mke wa mwana wa mzee. Alisema baba mkwe amempa simu hiyo muda si mrefu, ameapa hatapokea tena simu za wageni kwa sababu anawaharibia biashara. Akylai alimwomba ampe japo kidogo. Mzee alipokuja, Akylai alimwambia yote bila kuficha.

"Kumbe sikusema," alisema Mzee Sagyn.

"Hukusema, babu. Nisamehe."

"Asante kwa kuniambia, binti. Nilikuwa nimeanza kuogopa."

Siku ya pili yake walipanda hadi kijijini. Mzee Sagyn, mfupi, mwenye mashavu mekundu, aliwapokea mlangoni na mkate mkononi ili kila mmoja amege kabla ya kuingia. Zamu ya Akylai ilipofika, mzee aliurudisha mkate nyuma kidogo.

"Pole, binti, kumejaa," alisema. Kisha akacheka. "Lakini ingia, tutabanana."

Baada ya chakula Akylai alimpelekea Bibi chai kwenye chumba chenye jiko. Bibi alimkalisha kitandani kando yake.

"Anayetaka kudanganya hawatajii watu babu zake wote saba," alisema, akitabasamu. Kisha tabasamu likamwisha. "Ulidhani unamdanganya baba yako tu. Uongo wako ulikuja hadi huku, ukamkuta mtu asiyekukosea, ukamfanya aone akili yake ni mbovu. Siku nyingine ukitaka kitu, sema unakitaka. Tungekukatalia, ungelia kidogo, yangeisha."

Akylai aliitikia kwa kichwa. Juu ya paa kitu kizito kiliteleza, kikaanguka uani kwa kishindo laini, na Bibi akainua kidole kumnyamazisha. Hakukohoa.

Sebuleni simu ililia. Mzee Sagyn alikuwa akikata nyama, mikono imejaa mafuta, akamwita Akylai aipokee. Mtu fulani kutoka Bishkek alikuwa anauliza kama kuna nafasi.

"Kipo chumba kimoja," alijibu Akylai. "Lakini hakina jiko. Chenye jiko analala bibi yangu."