Mwatima Anajibu Upya

Mwatima alikuwa akichambua mchele nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, Michenzani. Mumewe, Hamid, alikuwa chumbani, madirisha yamefungwa. Siku za uchaguzi alipigwa na watu asiowajua. Tangu hapo mkono wake wa kulia haunyanyuki, na habari hiyo hataki kuisema.

"Hodi!"

Aliingia msichana mwenye kitambulisho kifuani.

"Shikamoo, Bi. Naitwa Thuwaiba. Tunafanya utafiti. Tunawauliza wananchi wanaionaje demokrasia yao."

"Marahaba. Uliza."

"Watu wana uhuru wa kusema wanalofikiri kuhusu siasa?"

"Wanao."

"Unaogopa fujo wakati wa uchaguzi?"

Mwatima aliutazama mlango wa chumba. "Siogopi. Andika mambo mazuri. Yote mazuri."

Thuwaiba akaandika, akaaga, akashuka nyumba ya chini. Mwatima alirudi kwenye mchele wake, lakini chuya zilimpita asizione.

Jirani yake, Bi Salhiya, muuguzi mstaafu, alipita kumjulia hali.

"Mbona umesawijika, mwanangu?"

"Nimeulizwa habari za uchaguzi. Nimesema uongo."

"Kwa nini?"

"Ntafanyaje? Wakijua ni mie niliyesema, si watamrudia Hamid?"

Bi Salhiya akakaa. "Ulimuuliza nani kamtuma? Ulitaka kuona kibali chake?"

"La."

"Ni haki yako kuuliza. Jina lako kaandika?"

"Hakuandika."

"Basi. Nyumba yako imechaguliwa kwa bahati nasibu tu. Jibu lako linachanganywa na majibu ya mamia ya watu. Swali usilolitaka, unaliruka. Na ukitaka, unakataa yote."

"Nikisema kweli, mkono wa Hamid utapona?"

"Hautapona. Sikudanganyi." Bi Salhiya akauvuta mchele kwake, akaanza kuuchambua. "Miaka thelathini nimepima watu homa. Wako waliokitoa kipimajoto kwapani kwa kuogopa sindano. Naandika hana homa, mtu anarudi nyumbani na maradhi yake. Mmoja alikufa. Demokrasia nayo wanaoipima ni wanaoishi ndani yake. Ukisema ni nzima, itaandikwa nzima."

Mwatima akavaa buibui, akashuka. Alimkuta Thuwaiba kwenye ngazi. Akataka kibali, akakisoma polepole mpaka mwisho.

"Nataka kujibu upya."

"Inafaa, Bi. Majibu yako sijayatuma."

Walirudi juu, wakafunga mlango. Safari hii Mwatima hakutazama pembeni. Watu wanaogopa kusema, alijibu. Fujo anaziogopa. Mume wake kaumizwa, na hawakushitaki popote.

"Kwa jumla unasemaje? Ni demokrasia kamili, ina kasoro ndogo, ina kasoro kubwa, au si demokrasia?"

"Ina kasoro kubwa," alisema, na machozi yakamtoka.

Miezi ikapita. Watafiti wakaita watu ukumbini, wakasoma matokeo. Katika kila watu kumi waliojibu, sita walisema wanaogopa kusema mambo ya siasa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kisha Amne, jirani wa ghorofa ya kwanza, akamsogelea Mwatima.

"Nilidhani ni mie peke yangu," alinong'ona. "Mwanangu Haroub naye alipigwa siku zile zile. Tumeficha."

Mwatima akamshika mkono. "Na sisi tumeficha."

Kesho yake Amne alipanda kwa Hamid, pamoja na Haroub anayechechemea. Bi Salhiya alikuwa keshawaeleza: iko ofisi ya msaada wa sheria, malalamiko yanaandikwa bure. Hamid alimtazama Haroub kwa muda mrefu. Akainuka, akatafuta viatu vyake.

Ofisini, Mwatima alikaa ubavuni mwa mumewe. Mwanasheria alikuwa mwanamke wa makamo. Aliwasikiliza Hamid na Haroub, tangu kupigwa hadi utafiti, kisha akaweka kalamu chini.

"Sitawaficha," alisema. "Shauri hili litachukua muda. Huenda waliowapiga wasijulikane kabisa. Na hapa, si kama kwenye utafiti, majina yenu lazima yaandikwe."

Mwatima alimgeukia mumewe.

"Hamid Amour," akasema Hamid. "Andika."