Sindano Zisizo na Uzi

Kufuli la ukumbi lilikuwa zima, madirisha mazima, lakini vyerehani vyote vya mradi wa akina mama vilikuwa vimeyeyuka. Wafadhili waliovileta kutoka ng'ambo walitazamiwa kesho yake. Inspekta aliamriwa avipate kabla hawajafika, naye kwa pupa akamtia mlinzi mahabusu. Funguo si alikuwa nazo yeye?

Mlinzi hakubisha hata kidogo. Hilo ndilo lililomkera Inspekta mpaka akarudi ukumbini.

Alipiga goti, akachungulia chini ya meza. Sakafu ilikuwa safi kama sahani.

"Akina mama wanashona kila siku?" alimuuliza meneja wa mradi.

"Kila siku, afande."

"Na vipande vya uzi huangukia wapi?"

Meneja akajikohoza.

Inspekta alitoka nje walikoketi wanachama. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alikuwa na nyuzi za buluu zimenasa kwenye sketi.

"Mama, viko wapi?"

"Kwangu, uani. Tunashona sare za shule." Hakuinamisha macho. "Mwachie mlinzi. Alitufungulia kwa kutuonea huruma tu."

"Mnaiba vitu vyenu wenyewe?"

"Vyetu? Mwanangu, tulikuwa tunafunguliwa siku ya wageni. Tunakaa, tunakanyaga, tunapigwa picha. Binti yangu aliiona moja akaniuliza, 'Mama, mbona sindano haina uzi?' Nilikosa pa kuuweka uso. Kesho nisingeweza tena."

Inspekta alimgeukia meneja.

"Kweli?"

"Vingechakaa, afande! Nilitaka wageni wavikute vinang'aa."

"Na ripoti ulizowapelekea?"

"Niliandika wanashona. Nilidanganya. Sikuwahi kuwapa hata uzi."

Inspekta hakumkaripia. Kila wageni walipokuja kituoni kukagua dawati la malalamiko ya wanawake, mkuu wake alimkalisha pale mbele, sare imepigwa pasi, ili atabasamu. Wakiondoka, dawati lilirudishwa stoo. Naye hakuwahi kufungua kinywa.

"Kesho wageni wataletwa uani kwako, mama," alisema. "Meneja atawaeleza mwenyewe."

Alikwenda kituoni, akafungua mahabusu kwa mkono wake.

"Nisamehe, mzee wangu."

Mlinzi alisimama, suruali ameishikilia isimvuke.

"Wale mama wamekamatwa?"

"Hapana."

"Basi nipe mkanda wangu."

Inspekta alimpa kwa mikono miwili, macho chini.