Yai la Pili la Kirukanjia

Jumatatu, saa moja usiku, jembe la Kiambi lilipasua yai. Zamu yake ya maji ilikuwa imefika, naye alikuwa akifungua mfereji kwenye shamba lake la ndizi, Mitunguu. Kirukanjia aliruka kutoka miguuni pake, akatua mbele. Kiambi alimmulika kwa tochi. Ndege mdogo, rangi ya majani makavu ya mgomba. Macho yaling'aa mekundu. Hakuwa na kiota. Yai la pili lilikuwa juu ya udongo mtupu. Kabla maji hayajalifikia, Kiambi alilitia mfukoni ili amwonyeshe mkewe, Kagwiria.

Usiku huo mtoto wao mchanga, Koome, hakulia. Kesho yake alilala kutwa, kope zikiwa wazi kidogo.

"Baba Koome, mtoto hanyonyi," Kagwiria alinong'ona.

"Si ni joto tu?"

Giza lilipoingia, sauti ya kirukanjia ilianza nje ya dirisha, kama pikipiki inayonguruma mbali bila kufika. Nondo aliingia akizunguka taa, na Koome, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alikipanua, akazidi kukipanua mpaka pembe zake zikafika chini ya masikio, na nondo akashuka mwenyewe akaingia, na kinywa kikafungwa bila sauti huku chumba kizima kikinuka udongo uliolowa.

Ciakuthii, mamake Kiambi, alikuwa amesimama mlangoni. Aliliona yai kwenye rafu.

"Hili limetoka wapi?"

"Shambani, mama. Lingesombwa na maji."

"Na lingine?"

Kiambi alitazama jembe lililoegemea ukuta.

"Umeokoka, na unaokota mayai yasiyo ya kuku wako. Kirukanjia hutaga mawili, na jini anayetembea naye huyahesabu. Rudisha kabla hajachukua cha kujazia pengo."

Kiambi alilirudisha usiku uleule. Alfajiri walienda wote kuangalia. Kirukanjia alikuwa amelalia pale pale. Ciakuthii alimsogeza kwa fimbo, ndege akaruka. Chini yake palikuwa na mayai mawili, yote mazima.

"Basi mambo yameisha," Kiambi alisema.

Ciakuthii alimtazama mjukuu wake mgongoni mwa Kagwiria.

Jioni hiyo Koome alinyonya kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Stima zilipotea. Kagwiria alimmulika kwa tochi. Macho yaling'aa mekundu.

Alizima tochi, akaendelea kumnyonyesha.