Jaribio la Sita

Mjumbe aliruka ngazi tatu kwa mpigo. Pasi aliruka nne.

Alimkamata ghorofa ya pili, akamshika ukosi na kumbamiza uso ukutani. Mara moja tu. Jino likadondoka, likabingirika ngazi kwa ngazi, likatulia.

"Flashi iko wapi?"

"Sina flashi, dada! Sina!"

Pasi alichagua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakikunja upande ambao vidole havikunjiki. Kililia kama kijiti kikavu.

"Nimeshaipeleka! Jana! Faili limeshaingia kwenye mfumo!"

"Faili gani?"

"Mimi ni wa kubeba tu. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako muache apumzike."

Akavunja cha pili. Hakuwa na swali jipya. Alitaka kuona kama jibu litabadilika. Halikubadilika.

Kwenye begi la mjumbe kulikuwa na boksi la chupa ndogo za insulini, zimefungwa vizuri, lebo safi, muhuri wa fedha. Ndani yake maji matupu. Sampuli ya mzigo. Pasi alitia moja mfukoni, akamfunga mjumbe kwenye chuma cha ngazi kwa mkanda wake mwenyewe, akatoa Nokia ya kizamani isiyojua intaneti.

"Kabati lina panya," alisema, yaani mfumo umeingiliwa.

"Tangu lini?" Sauti ya Mkuu wake wa kazi ilikuwa kavu.

"Jana."

"Sasa hivi ni saa mbili na dakika hamsini. Mfumo unafunguliwa saa nne kamili. Niuzuie?"

"Ukiuzuia, dawa za kweli nazo zinakwama mpakani juani. Wodi zimebakiwa na za leo tu. Na mwenye panya atakimbia."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Una saa moja na dakika kumi."

Simu ikakatika.

Kazini walimwita Pasi kwa sababu alinyoosha mambo, na kwa sababu ulipomgusa uliungua. Alikuwa na stashahada ya kompyuta na bastola aina ya Glock, na vyote viwili alivitumia bila mbwembwe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Maofisa wa mpakani walikuwa wanapewa tovuti mpya. Lori la dawa likifika, ofisa anaandika namba yake. Taa ya kijani, lori linapita. Taa nyekundu, linafunguliwa na kukaguliwa. Katikati ya msururu wa malori, arobaini yalikuwa yamebeba maji ndani ya chupa za insulini. Wenye mzigo hawakuhonga ofisa hata mmoja. Walikuwa wamenunua mtu aliyekuwa anaijenga tovuti.

Miezi miwili iliyopita, mzigo wa kwanza wa maji hayo uliingia kwenye wodi moja ya watoto. Walizikwa kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa akimwita Pasi mama mdogo. Pacha wa mtoto huyo bado alikuwa hai, wodi ile ile, kitanda kile kile, akichomwa sindano kila siku kutoka kwenye dawa zilizokuwa zinaisha leo jioni.

Lori litakaloingia kwanza ndilo litakalomfikia.

* * *

Ofisi ya wajenzi wa tovuti ilikuwa ghorofa ya nne. Meza nane, feni moja, nyaya sakafuni kama utumbo. Pasi alikuwa ameajiriwa pale wiki tatu zilizopita kama mpangaji wa mafaili, na walimwita Mama Mafaili. Alikuta mradi umejaa takataka: faili linaitwa *mpya*, jingine *mpya-kabisa*, jingine *mwisho*, jingine *mwisho-wa-kweli*, na moja *usiguse-hili-nakuomba*. Akayabadilisha yote majina, akapeleka kila moja kwenye folda yake.

Sheria za kupanga zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa mkono wa Mwalimu, mkuu wa mafundi. Jina liseme kazi. Kazi moja, faili moja. Herufi ndogo, bila nafasi. Na ile ya mwisho, ambayo aliisisitiza mpaka watu wakaiota: kila faili liwe na mwenzake pembeni, faili la jaribio, linalotaja kwa sentensi za kawaida kila jambo ambalo faili linafanya na kulipima. Alikuwa amejenga na lango la kulinda sheria hiyo. Mstari usio na jaribio haukupita, hata ukiandikwa na nani.

Watu walimpenda Mwalimu. Shati limenyooshwa, sauti ya chini. Kila asubuhi alileta maandazi ambayo yeye mwenyewe hakuyagusa, kwa kuwa alikuwa na kisukari.

"Umechelewa, Mama," alimwambia Pasi kwa upole.

"Ngazi zilikuwa na foleni."

"Damu hiyo kwenye mkono?"

"Si yangu."

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani, akaingia chumbani kwake.

Saa tatu na dakika tano.

Pasi alifungua kompyuta yake ya ThinkPad. Mafaili elfu tatu na mia nne. Akachuja yaliyoguswa jana tu. Yakabaki mia mbili na kumi na moja, kwa sababu jana ilikuwa siku ya mwisho kabla mradi haujafungwa na kila mtu alikuwa anakimbizana. Mengine yalikuwa na mistari mia tano. Kuyasoma yote kungechukua siku mbili.

Kwa hiyo hakuyasoma. Alisoma majaribio.

Sentensi baada ya sentensi. *Hukataa lori lisilo na namba. Huonyesha nyekundu joto likizidi. Huonyesha nyekundu muhuri ukivunjika.* Macho yalimwasha. Hakupepesa.

Saa tatu na dakika ishirini na nane alifika kwenye folda ya vitu vidogo vidogo, faili lisilo na maana kwa mtu yeyote: *panga-tarehe*. Kazi yake kuandika tarehe vizuri chini ya ukurasa. Akafungua mwenzake.

Moja: *huandika siku kwa tarakimu mbili.* Mbili: *huandika mwezi kwa jina.* Tatu, nne, tano, tarehe tupu.

Sita: *namba ya lori ikiishia sabini na saba, taa iwe kijani, kaguzi zote zirukwe.*

Mtu alikuwa ameficha uhalifu, kisha akauandikia jaribio. Safi. Kwa herufi ndogo.

Pasi aliangalia nani aliyeliingiza. Rekodi ilitaja jina moja.

Shemeji.

* * *

Shemeji aliitwa hivyo kwa sababu alimwita kila mwanamke shemeji, akiwemo mke wake. Pasi alimkuta chooni ananawa mikono.

"Ee, shemeji, hiki choo cha wanau—"

Mdomo wa bastola uliingia kinywani mwake mpaka ukagonga meno ya nyuma. Pasi alifunga mlango kwa kisigino.

"Jana faili limeingizwa kwa jina lako. Nitatoa chuma. Ukipiga kelele nitakirudisha kwa mlango mwingine. Umenielewa?"

Kichwa kilitikisika. Machozi yalishaanza.

"Ukiandika faili, jaribio lake huwa unaandika nini?"

"Ni—nini?"

"Jibu."

"Naandika *inafanya kazi*. Basi. Mstari mmoja. Mwalimu hunigombeza kila siku. Shemeji, Mama Mafaili, nina watoto."

"Kila mtu ana watoto. Jana uliiacha mashine yako kwa nani?"

"Kwa Mwalimu. Alisema ya kwake inasuasua. Nikaenda kula."

Pasi alimtazama. Jamaa huyu hata folda ya picha aliwahi kuiita *mavitu*. Sentensi ya sita ilikuwa imepigwa pasi kama shati.

Alimwamini. Hata hivyo alimpiga kitako cha bastola nyuma ya sikio, akamfunga mikono kwa waya wa mtandao na kumkalisha juu ya choo. Mtu aliyelala hapigi simu.

* * *

Saa nne kasorobo.

Mwalimu hakushtuka kuona bastola. Alisukuma kompyuta pembeni, akafuta miwani.

"Ni jaribio, sivyo?" aliuliza.

"La sita."

"Nilijua. Usiku kucha nilijua. Lango lisingepitisha mistari mitupu."

"Ungeweza kuandika jaribio la uongo."

"Ningeweza."

"Hukuweza."

Alitabasamu kwa aibu, kama mtu aliyeshikwa anakula sukari. "Mradi umefungwa, Mama. Badiliko lolote sasa linataka neno langu la siri. Nipige risasi, nalo linazikwa na mimi. Dakika kumi na tano tu. Baada ya hapo utanifanya utakavyo, na watu wangu watanifidia."

"Watoto kumi na mmoja," alisema Pasi.

"Nilisikia. Inasikitisha."

Alilisema kama mtu anayesikitikia mvua.

Pasi alishusha bastola. Alienda kwenye friji ndogo ya pembeni, akatoa chupa ya insulini ya Mwalimu na bomba la sindano. Hata hiyo ilikuwa imeandikwa tarehe kwa kalamu, mwandiko mdogo ulionyooka. Akamwonyesha.

"Hii ni ya kweli?"

"Bila shaka ni ya kweli. Ni yangu."

Pasi aligeukia dirishani, akavuta mpaka bomba likajaa. Akarudi. Mwalimu alipoinuka, alipigwa goti la tumbo, akarudi kitini hana pumzi, na sindano ikaingia begani kupitia shati. Yote. Mpaka tone la mwisho.

"Wewe unaijua kuliko mimi," Pasi alisema, akikaa juu ya meza. "Kwanza jasho. Halafu mikono. Halafu unasahau jina lako. Halafu unalala."

Mwalimu aliangalia bomba tupu. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia midomo.

Pasi alifungua chupa ya soda. Ikafanya *chss*. Akaiweka mezani, mbali kidogo na pale mkono wa Mwalimu ungefika.

"Neno la siri."

"Huwezi. Wewe ni mama."

"Ndiyo maana."

Saa nne kasoro dakika tisa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likadondokea kwenye kola. Mikono ilianza kutetemeka. Aliitazama kama mali ya mtu mwingine.

"Nipe soda."

"Neno."

"Nakuomba, Mama. Naona giza. Moyo unapiga vibaya. Nakuomba!"

Pasi alinywa soda funda moja, bila haraka, akaifuta chupa mdomo kwa kiganja.

"Tamu," alisema.

Saa nne kasoro dakika sita, Mwalimu alilia. Alilitoa lile neno, herufi kwa herufi, huku makamasi yakimtiririka. Pasi aliliingiza. Mradi ukafunguka.

Alifuta mistari ya lori kwenye *panga-tarehe*. Akatuma.

Nyekundu. *Jaribio moja limeshindwa.*

Lango la Mwalimu lilikuwa linatetea kazi ya Mwalimu. Jaribio la sita bado lilidai taa ya kijani.

Nokia ikatetemeka. "Pasi. Dakika tatu."

"Niache."

Alirudisha mistari aliyoifuta. Akabadilisha neno moja ndani ya faili, akaongeza amri moja, kisha akafungua faili la jaribio na kuiandika sentensi ya sita upya: *namba ya lori ikiishia sabini na saba, taa iwe nyekundu, geti lifungwe.* Akalihamishia faili zima na mwenzake kwenye folda ya mpakani. Akalipa jina linalosema kazi yake: *kamata-malori*.

Akatuma.

Lango lilifikiri. Duara dogo lilizunguka. Lilizunguka tena.

Kijani.

Saa nne kasoro sekunde ishirini.

Mwalimu alikuwa amejikokota mpaka kwenye meza. Aliidaka soda kwa mikono miwili, akaimimina kooni, nusu ikamwagikia shati. Alipomaliza alibaki anahema, akingoja moyo utulie.

"Unajisikiaje?" Pasi aliuliza.

"Nime... nimewahi."

Pasi alitoa chupa mfukoni, lebo safi, muhuri wa fedha uliovunjwa. Akaisimamisha mbele yake.

"Nilivuta hii. Ni maji. Ya kwenu. Yaliyokutetemesha ni hayo, na woga wako."

Mwalimu aliitazama ile chupa. Kisha akaitazama chupa ya soda aliyoibugia yote, sukari tupu, na mwanga ukamzimika machoni.

Nokia ilitetemeka.

"Lori la kwanza, nyekundu," alisema Mkuu. "La pili, nyekundu. Mageti yamefungwa, madereva wamelala kifudifudi. Ya dawa za kweli yanapita. La wodi ya watoto limeshatoka, litafika saa nane."

"Lisindikizeni."

"Naye?"

"Yupo. Tuma watu, na chooni kuna mmoja hana kosa, afunguliwe."

Pasi aliichukua chupa ya kweli, ile iliyoandikwa tarehe, akaidondosha sakafuni na kuikanyaga. Akarudi kwenye friji, akatoa zilizobaki, tatu, akazikanyaga moja moja. Vioo vililia chini ya soli.

"Mama! Nitazihitaji. Mchana huu nitazihitaji! Soda yote ile!"

"Najua."

"Nitafanyaje?"

Pasi alirudisha Glock kiunoni, akafunika na koti.

"Yapo malori arobaini mpakani," alisema. "Agiza."

Akachukua andazi moja mezani, akatoka na kufunga mlango taratibu, watu wasije wakasumbuliwa kazini.