Harufu Ilipokatika

Foleni ya mkate ilifika mpaka barabarani. Fundi cherehani, ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe, alisoma maandishi mgongoni mwa ovaroli iliyokuwa mbele yake: KITUO CHA MAJITAKA.

"Kumbe ni nyinyi!" alifoka. "Mnatunukishia nyumba kutwa, halafu mnatujazia foleni!"

Kijana akageuka. Alinukia sabuni, tena vizuri mno, na macho yake yalikuwa ya upole.

"Pole, dada. Nisaidie basi. Harufu ikija tu, nipigie. Niambie ni saa ngapi na upepo unatoka wapi, tujue inatokea tangi gani."

Mapenzi yao, basi, yakaanza kwa uvundo.

"Kunanuka. Saa kumi, upepo wa relini."

"Yai viza au choo?"

"Yai viza. Umekula?"

"Bado, mpenzi... samahani, dada."

"Sikusamehe. Rudia lile la kwanza!"

Mwezi wa tatu wa simu hizo, kijana na wenzake wakagundua kosa. Vipande vya mbao vinavyochuja hewa ya matangi vilikuwa vimekauka, na vikikauka havinasi harufu. Wakaweka vipya, wakavimwagilia, wakakaza vifuniko. Harufu ikakatika. Mtaa mzima ukafungua madirisha.

Simu nazo zikakatika. "Alitaka pua yangu tu," fundi alijiambia kwa uchungu. "Hana shida tena, anipigie ya nini?" kijana naye alinung'unika. Siku kumi na tisa kila mmoja akamngoja mwenzake. Wajinga wawili, nakwambia.

Siku ya ishirini fundi akashindwa.

"Kunanuka! Njoo!"

Kijana alifika akihema, akasimama katikati ya magauni, akanusa huku na huku.

"Mbona hakuna kitu?"

"Najua." Machozi yalimlenga. "Nilikosa sababu nyingine."

Kijana akakaa kwenye stuli. "Mimi juzi nililegeza kifuniko kimoja, kunuke, unipigie. Nikakumbuka madirisha yenu yako wazi. Nikakikaza."

"Ungetunukishia mtaa mzima kwa ajili ya simu?"

"Nimekumiss, mama. Akili zilinihama."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Siku nyingine ukinikumbuka, piga tu."

"Sitaki kupiga. Nataka kukuoa."

Fundi akachukua futi, akamzunguka nyuma.

"Simama wima, nikupime mabega," alisema. "Suti ya bwana harusi siishoni kwa kukisia."